Mwenyeji wa mfanyakazi mpya asigeuzwe mpelelezi wa meneja

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kigoma, na nina miaka tisa kazini. Mwezi ujao tunampokea mfanyakazi mpya, dada mwenye shahada ya ugavi anayetoka Iringa, ambaye hajawahi kuishi huku. Meneja ameniita na kunitaka niwe mwenyeji wake kwa miezi mitatu ya mwanzo, nimzoeshe kazi na mazingira, na kila Ijumaa nimpelekee taarifa ya mwenendo wake. Sikupewa maelekezo mengine. Nianzie wapi? Je, inafaa mimi niliyeishia kidato cha nne nimwongoze mwenye shahada, ambaye wenzangu wanasema baada ya mwaka mmoja atakuwa mkuu wangu? Na kwa kuwa mimi ni mwanamume mwenye familia na yeye anakuja peke yake, nimsaidie mpaka wapi bila kuzua maneno? Mwisho, je, kazi hii ina posho? – Msomaji, Gungu, Kigoma.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako umeyaweka wazi, lakini jambo lililo zito kuliko yote umelipitisha katikati ya sentensi kana kwamba ni la kawaida, nalo ni ile taarifa ya kila Ijumaa. Nitaanza na hilo na nitakaa nalo kwa muda, kwa sababu usipolimaliza kabla mwenzako hajaripoti, mengine yote nitakayokueleza hayatakuwa na pa kusimama.

Tazama kwanza mtu mpya anakosa nini anapofika ofisini. Hakosi mtu wa kumuuliza mambo makubwa: kuhusu mkataba, mshahara na likizo yupo afisa rasilimali watu, na kuhusu majukumu yupo meneja mwenyewe. Anachokosa ni mtu wa kumuuliza yale madogo ambayo mtu mzima mwenye shahada anaona haya kuyauliza. Ufunguo wa choo cha wafanyakazi anautunza nani? Mchango wa chai ni wa lazima au wa hiari, na anakusanya nani? Mteja wa Kalemie, kule Kongo ng'ambo ya ziwa, akipiga simu saa mbili usiku, inapokelewa au inaachwa mpaka asubuhi? Mfumo wa forodha ukigoma katikati ya kazi, anayepigiwa simu ni mtu wa TEHAMA au kuna kijana fulani pale bandarini ambaye kila mtu humtegemea? Mtu asipopata majibu ya maswali haya hutumia sehemu kubwa ya akili yake ya siku nzima kuyakwepa, na kazi aliyoajiriwa kuifanya hubaki na akili iliyosalia. Tena hayaulizwi kwa kila mtu. Huulizwa kwa yule tu ambaye kumuuliza hakumpunguzii muulizaji chochote.

Sasa chukua mtu huyohuyo, umkabidhi kalamu ya kuandika kila Ijumaa kwamba mgeni wake amekwendaje. Hata kama utaandika mema matupu, habari itamfikia, kwa kuwa ofisi ya watu wachache haina siri, na kuanzia siku hiyo atapima kila neno analokwambia. Ataacha kukuuliza yale ya aibu. Hataacha kukosea, ila makosa yake utakuwa unayasikia kwa maafisa wa forodha badala ya kuyasikia kwake. Wewe utabaki na jina la mwenyeji, naye atatafuta mwenyeji mwingine wa kificho, pengine mtu mwenye kinyongo na kampuni.

Kuna sababu ya pili ya kukataa taarifa hiyo, nayo ni ya kisheria. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake ule ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali ambao wewe mwenye miaka tisa unao, kwa hiyo mwenzako atakuwa katika kipindi ambacho maneno machache mabaya yanaweza kumgharimu kazi. Lakini haimaanishi kwamba anaweza kupimwa vyovyote. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinamtaka mwajiri amfuatilie na kumpima mfanyakazi aliye katika majaribio, akutane naye mara kwa mara wajadili tathmini hiyo, ampe mwongozo pale inapohitajika, na akiona upungufu amweleze, ampe nafasi ya kujibu na muda wa kutosha wa kujirekebisha. Taarifa ya pembeni inayoandikwa na karani mwenzake bila yeye kuiona haifanani na utaratibu huo. Siku likitokea la kutokea na shauri likafika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, utaitwa kuzieleza karatasi ambazo hukuajiriwa kuziandika.

Kwa hiyo rudi kwa meneja wako kabla ya mwezi kuisha. Usiende na lugha ya kukataa amri, maana kwa namna ulivyoeleza, naona hakukusudia ubaya; amechanganya kazi mbili tu, na mameneja wengi huzichanganya. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: «Bosi, kazi ya kumpokea mwenzetu nimeikubali kwa moyo. Ninachoomba ni kwamba tathmini yake uifanye wewe ukikaa naye mwenyewe, nami nibaki kuwa mtu anayeweza kuniuliza chochote. Kila Ijumaa nitakwambia nilimwonyesha nini wiki hiyo na nini bado kinahitaji msaada wako, kama kompyuta, kitambulisho cha kuingilia bandarini au nywila ya mfumo.» Tazama kwamba hujamnyima Ijumaa yake. Umebadilisha tu kinachoripotiwa: badala ya kuripoti mtu, unaripoti kazi yako na vikwazo vyake. Meneja mwenye busara atalipokea hilo, kwa sababu linampa habari anazoweza kuzifanyia kazi.

Yapo mambo matatu ambayo hutaweza kuyatunza kifuani, na ni haki mwenzako ayajue tangu siku ya kwanza: jambo linalohatarisha uhai au afya ya mtu, wizi au udanganyifu, na unyanyasaji, uwe umefanywa na yeye au amefanyiwa yeye. Mwambie waziwazi kwamba hayo yakikufikia utayapeleka panapohusika, na kwamba mengine yote yanaishia kwako. Mpaka uliotajwa mapema haumkwazi mtu.

Kampuni kubwa duniani zimeupima mpango wa namna hii, na nitakutajia vipimo viwili kwa sababu vinagusa moja kwa moja hali yako. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya Microsoft, ambako wafanyakazi wapya walipewa wenyeji kisha wakaulizwa kama wenyeji hao waliwasaidia kuanza kuzalisha haraka. Miongoni mwa waliokutana na mwenyeji wao angalau mara moja katika siku 90 za kwanza, asilimia 56 walisema ndiyo. Waliokutana mara mbili au tatu, asilimia 73. Mara nne hadi nane, asilimia 86. Na waliokutana zaidi ya mara nane, asilimia 97. Hayo ni maoni ya wafanyakazi wenyewe, tena wa kampuni ya teknolojia, hivyo usiyachukulie kama mizani ya forodha. Hata hivyo mwelekeo wake hauna utata: mwenyeji anayeonekana siku ya kwanza kisha akapotea ana faida ndogo. Google nao walijaribu kuwatumia mameneja ujumbe mfupi wa kuwakumbusha mambo matano kabla mfanyakazi mpya hajaanza. Kumtafutia mwenyeji lilikuwa moja tu kati ya hayo; meneja alitakiwa pia azungumze naye majukumu yake, amsaidie kujenga mtandao wa watu, akutane naye kila mwezi kwa nusu mwaka ya kwanza, na ahimize mazungumzo ya wazi. Wapya wa mameneja waliofuata ujumbe huo walifikia kiwango kamili cha kazi mapema kwa takriban asilimia 25. Ukisikia kwa meneja wako kwamba «nimekukabidhi, sasa ni wako», mkumbushe kwa adabu kwamba wewe ni sehemu moja ya mapokezi, na kwamba zipo sehemu nyingine zisizoweza kufanywa na mtu asiye meneja.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia kabla hajafika. Mpigie simu wiki moja kabla, ukiwa kazini na meneja akijua, umweleze aripoti saa ngapi, kwa nani, aje na nyaraka gani, na wafanyakazi huvaaje siku za ofisini na siku za bandarini. Kisha hakikisha kwa macho yako kwamba ana meza, kiti na kompyuta inayowaka. Ninalisisitiza hili kwa sababu katika taasisi moja ya hapa Tabora, ambayo sitaitaja, nilimkuta mhasibu mpya akiwa amekaa siku kadhaa kwenye benchi la wageni, mkoba magotini, kila ofisa akidhani mwenzake ndiye aliyepewa kazi ya kumtafutia nafasi. Hakuna aliyemchukia. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu mwenye jina aliyeambiwa kwamba kiti cha mgeni ni juu yake.

Siku ya kwanza usimjaze maelezo. Mtu aliyesafiri kutoka Iringa kupitia Dodoma na Tabora hata akafika ziwani ana uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauumalizi, na katika hali hiyo hata majina ya watu kumi hayakai kichwani. Mwonyeshe pa kukaa, pa kunywa chai, pa kula mchana na mama lishe gani mnayemtegemea, kisha mpe kazi moja ndogo ya kweli ambayo ataimaliza kabla ya saa kumi, kama vile kupanga kwa tarehe nakala za ankara za mteja mmoja. Akiondoka jioni akijua kwamba kuna kitu amekikamilisha, atarudi kesho akiwa mtu mwingine kabisa kuliko yule aliyeshinda akisoma majalada ya zamani.

Siku zinazofuata za wiki hiyo, tembea naye. Kazi yenu haiko ofisini peke yake. Mzigo unaofika kwa reli ya kati, ile iliyofika ziwani mwaka 1914, unapita kwa watu wengi kabla haujapakiwa kwenda Bujumbura, Kalemie, Uvira au Mpulungu, na kila mmoja wa watu hao ana namna yake ya kufanya kazi ambayo haijaandikwa popote. Mpeleke stesheni kwa wanaoshughulikia mabehewa, langoni mwa bandari, ghalani, na kwenye dirisha la forodha. Mazoezi ya usalama wa bandarini, kofia ngumu, viatu na kizibao ni wajibu wa mwajiri na wasimamizi wa bandari, na usikubali kuvifanya kwa niaba yao kwa maneno mawili ya njiani; hakikisha tu kwamba vimefanyika kabla hajakanyaga gatini.

Jinsi unavyomtambulisha huko ni jambo la kuchagua maneno. Nimesikia mara nyingi mtu akitambulishwa kwa «huyu ni mgeni wetu, bado anajifunza, mtuvumilie», na anayesema hivyo hudhani amemwombea huruma, kumbe amemtoa kwenye kazi kabla hajaianza. Kuanzia hapo maafisa watampita na kukupigia simu wewe. Sema badala yake: «Huyu ni dada fulani, ndiye atakayeshughulikia nyaraka za wateja wetu wa Burundi, karatasi zake zikifika kwako ujue zimetoka kwetu.» Kisha nyamaza, umwache azungumze mwenyewe, hata akibabaika kidogo.

Liko jambo la lugha ambalo wenyeji wa Kigoma hamlioni kwa sababu mmezaliwa nalo. Wateja wa Uvira na Kalemie wanakuja na Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa, na wale wa Bujumbura wakizungumza Kirundi, ninyi Waha mnawaelewa bila jasho kwa kuwa lugha zenu ni ndugu. Mwenzako wa Iringa hataelewa. Mbaya zaidi, itatokea asubuhi moja mkaamkiana «Mwakeye», mkaendelea na Kiha mezani kwa dakika kumi mkizungumzia bei ya mgebuka, naye akiwa kati yenu na kompyuta yake, akishawishika kwamba anayesemwa ni yeye. Huku kwetu Kinyamwezi kinafanya kazi hiyohiyo, nami nimeona urafiki wa ofisini ukifa kwa sababu hiyo tu. Wewe uwe wa kwanza kurudi kwenye Kiswahili anapoingia, bila kutangaza kwamba unafanya hivyo, na wenzako watakufuata. Maamkizi mawili matatu ya Kiha mfundishe mapema. Yatamfaa zaidi gatini na sokoni kuliko unavyodhani.

Sasa kukosoa, ambako ndiko wenyeji wengi huharibikiwa. Tuseme ni wiki yake ya tatu, anaandaa nyaraka za saruji inayokwenda Bujumbura, na katika nafasi ya uzito wa jumla ameandika uzito halisi, yaani ameacha kuhesabu mifuko na paleti. Mwakilishi wa meli amesimama mlangoni, makuli wanasubiri, na wewe umeliona kosa kutoka meza ya pili. Ukisema kwa sauti «Hapana, hapana, umekosea uzito», umemwokoa na forodha na kumwangusha mbele ya watu. Ukinyamaza ili usimwaibishe, mizani itasema baadaye, hati itarudishwa kufanyiwa marekebisho, na mteja atadaiwa gharama za storeji kwa siku ambazo mzigo umelala. Njia iliyobaki ni kuinuka, kusogea kwenye meza yake, kuweka kidole kwenye orodha ya upakiaji na kusema kwa sauti ya kawaida: «Dada, hapa forodha wanataka mzigo pamoja na vifungashio vyake, tuangalie namba hii.» Mwache aisome yeye, aiandike yeye. Usichukue kipanya mkononi mwake, hata kama wewe ungemaliza kwa sekunde tano naye akatumia dakika mbili, na hata kama mwakilishi wa meli anatazama saa. Mkono wako ukishashika kipanya, wote waliopo wameelewa kwamba kazi ni yako na yeye ni mtazamaji.

Baada ya shughuli, mkiwa wawili, mweleze kwa nini uzito ule unatazamwa sana na kosa lake hugharimu nini. Eleza mara moja. Usilirudie wiki ijayo kwa mzaha mezani wakati wa chai, kwa maana mzaha wa mwenye miaka tisa kazini haupokelewi kama mzaha na mwenye wiki tatu.

Kosa likijirudia mara ya tatu au ya nne, hapo si suala lako tena. Mshauri yeye mwenyewe aende kwa meneja kuomba mafunzo zaidi kuhusu hatua hiyo, na umwambie kwamba usipoona ameenda hutakwenda kwa niaba yake. Atakwenda, kwa kuwa anajua humlindi wala humchongei.

Kuhusu shahada yake na kidato chako cha nne, sioni ugumu unaouona. Hujaombwa umfundishe ugavi. Huo ameusoma, na pengine ataanza kukuonyesha namna ya kupanga takwimu kwenye kompyuta ambayo itakupunguzia saa nzima kila siku, nawe ukubali kuonyeshwa. Wewe unajua ni hati gani hurudishwa dirishani kwa kukosa mhuri upi, mteja gani huahidi malipo Jumatatu akaleta Alhamisi, na saa ngapi si busara kumfuata ofisa fulani. Elimu hiyo haina chuo. Katika maongezi ya kila siku muite dada, akuite kaka, na msipeane vyeo vya mwalimu na mwanafunzi.

Lile la kwamba atakuwa mkuu wako sitakufariji kwa uongo: linawezekana. Kampuni nyingi huweka shahada kama sharti la usimamizi, na kumficha mwenzako mambo hakubadilishi sharti hilo. Kunamfanya tu afike huko akiwa na kumbukumbu mbaya juu yako. Kama kinachokuuma ni kwamba miaka tisa imepita bila wewe kupanda, hiyo ni hoja halali, ila ipeleke kwa meneja kama hoja yako mwenyewe, isiwe kinyongo kwa mtu ambaye bado hajapanda hata basi. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha umahiri katika forodha na uwakala wa mizigo, ambacho hapa nchini hufundishwa na Chuo cha Kodi cha Dar es Salaam. Ulizia masharti ya kujiunga, kisha umuulize meneja kama kampuni itachangia ada. Wakati mzuri wa kuuliza ni huu ambapo yeye ndiye anayehitaji jambo kutoka kwako.

Swali lako la mwanamume na mwanamke limeulizwa kwa uungwana, na jibu lake ni kwamba msaada wote ufanyike mahali penye macho ya watu. Nyumba ya kupanga ndilo jambo la kwanza litakalomsumbua. Unaweza kumweleza tofauti ya kukaa Mwanga, Katubuka au Gungu kwa upande wa nauli, maji na usalama wa usiku, na kwamba wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, jambo linalomuumiza mtu ambaye mshahara wake wa kwanza bado haujaingia. Lakini kuzunguka naye vyumbani na dalali jioni si kazi yako. Mwombe dada mmoja wa ofisini afuatane naye, na kama hayupo, mwombe mkeo. Usishike fedha yake ya kodi, usimkopeshe kwa siri, na usiwe mdhamini wake kwa mwenye nyumba. Kama mshahara wa kwanza utachelewa, mshauri aombe malipo ya awali ofisini kwa maandishi.

Mkaribishe nyumbani chakula cha Jumapili mkeo na watoto wakiwapo. Ugali wa muhogo na dagaa wenu vitamwonyesha Kigoma kuliko maelezo yoyote. Simu za usiku ziwe za kazi yenye dharura tu. Mazungumzo ya wiki yafanyike ofisini au kwa mama lishe mchana, si ndani ya gari. Na jihoji mwenyewe mapema, kwa sababu sheria ile ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi, na mtu aliyepewa kumwongoza mwenzake anaaminiwa kuliko wengine, hivyo hata mzaha wake juu ya mavazi au umbo una uzito usiokuwepo kwa mtu mwingine. Wanaume wengine wa bandarini wakimsumbua, asilazimike kukutegemea wewe uwakemee. Ajue afisa gani anapokea malalamiko hayo. Maneno ya watu yatakuwepo hata ukifanya yote haya. Usiyajibu, ila mkeo asiyasikie kwanza kwa jirani.

Miezi mitatu ni muda unaofaa ukiupunguza kadiri unavyokwenda. Wiki mbili za kwanza muonane kila siku hata kwa dakika kumi na tano; mpaka mwisho wa mwezi wa pili mara mbili kwa wiki; mwezi wa tatu mara moja, tena yeye ndiye akutafute. Akianza kupata majibu kwa wengine kabla ya kuja kwako, usione kwamba amekudharau. Hapo ndipo ulipotakiwa kumfikisha.

Kuhusu posho, sheria zetu za kazi hazina posho maalumu ya kazi hii, na kwa sekta binafsi inabaki kuwa makubaliano yenu na mwajiri. Binafsi ningeomba muda kabla ya kuomba fedha. Saa za kawaida za kazi kwa sheria ni 45 kwa wiki, na saa utakazotumia kumtembeza mtu stesheni, ghalani na forodha zinatoka humohumo, wakati majalada yako hayatapungua yenyewe. Orodhesha kazi zako, uonyeshe zipi zitapewa mwenzako mwingine kwa mwezi wa kwanza na zipi zitasubiri, umwombe meneja akubali kwa barua pepe. Ombi hilo lipeleke siku ileile mtakapozungumzia taarifa ya Ijumaa, kwa sababu binti akishafika na kazi ikaanza, hakuna atakayekumbuka kukupunguzia chochote.